Shoka la Marehemu Jotham

Mkono mmoja wa Wakili Ephraim Tuttle ulikuwa bado juu ya Biblia, pale pale tulipouacha wiki jana. Mwingine ulikuwa unapapasa kola, kana kwamba shati limembana ghafla.

"Apa!" Kapteni Lysander Boggs alimfokea. "Apa mbele ya tajiri wako kwamba mpaka ni ule mwaloni, si msonobari huu!"

Tuttle akalegeza kola. Hakuapa.

Watu wa bonde la Kenoska waliojazana mbele ya kinu waliacha kutafuna. Hata Bibi Dorcas Pruitt, ambaye hajawahi kuacha kutafuna kwa msiba wala kwa harusi, naye aliacha.

Kwa aliyefungia samaki gazeti lililopita kabla ya kulisoma, jambo lenyewe ni hili. Mjane Mehitabel Crandall alinunua shamba lake kwa Tuttle, wakili aliyepewa madaraka ya kuuza ardhi ya bonde zima kwa niaba ya Bwana Ambrose Penhallow wa Filadelfia. Akajenga kinu cha kusagia mahindi pale kijitoni, kwa mikono yake. Mpaka ukiwa ni mwaloni ulio ng'ambo, kijito kimo ndani ya shamba lake na kinu ni chake. Ukiwa ni msonobari ulio upande wa huku, kijito kiko nje, na Kapteni Boggs atakinunua leo hii pamoja na kinu alichohangaikia mwenzake.

Na Bwana Penhallow, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiuza ardhi asiyoijua rangi, safari hii alikuja mwenyewe. Gari la maksai lililomleta yeye na Boggs lilizama matopeni. Sasa tajiri alikuwa amekaa juu ya gogo, miguu mitupu, soksi zake za hariri zimeanikwa kwenye mlango wa kinu.

"Tuttle," alisema kwa upole wa kutisha, "nilikupa madaraka ya kuuza. Sikukupa madaraka ya kubung'aa. Mpaka wa mama huyu ni mti upi?"

"Mwaloni, bwana mkubwa."

"Basi apa twende zetu."

"Ningeapa, bwana. Ila kuapa ni jambo zito, na siku ile ya kupima tulikuwa na dumu la ramu."

Watu wakaangua kicheko. Kenoska nzima inajua kwamba wapimaji hawabebi mnyororo wa kupimia bila ramu. Ni sehemu ya ujira wao, na ndiyo sababu mipaka yetu ina kona ambazo hakuna aliyeziagiza.

"Kwa hiyo ulilewa," alisema Boggs.

"Nilionja."

"Ulionja ukabebwa kama gunia la viazi!" Bibi Dorcas alidakia. "Mume wangu alishika miguu."

Bibi Mehitabel peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, nyusi zimejaa unga, anamtazama Tuttle. Huyu ndiye mtu aliyempa shamba zuri kuliko yote bondeni, kwa bei ya kutupa. Huyu ndiye aliyekuja kila Jumamosi "kukagua mpaka" na kuondoka na mkate wa moto kwapani. Sisi wengine tulikuwa tunangoja tu kuambiwa siku ya harusi. Leo anaombwa kiapo kimoja kwa ajili yake, ulimi umemganda. Ilimuuma, na sitaficha kwamba hata mimi iliniuma.

"Ephraim," alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyenionyesha ule mwaloni. Siku hiyo ulikuwa mzima, hujanusa hata kizibo. Sema basi."

"Nimesema, Mehitabel. Ni mwaloni."

"Sema kwa kiapo."

Tuttle akatazama buti zake.

Boggs hakungoja tena. Alimshika tajiri mkono akamwongoza hadi kwenye msonobari, akimwelekeza pa kukanyaga kama bibi harusi. "Jionee mwenyewe, bwana mkubwa. Chale tatu za wapimaji, hizi hapa. Nenda kautazame ule mwaloni, gome laini tupu. Karatasi ninayo, wino ninao. Tumalize."

Penhallow akainama, akatazama, akajiinua. "Mbona ziko wazi kabisa. Pole sana, mama."

"Ngoja kwanza!"

Bibi Mehitabel alishuka ngazi akiwa na shoka begani. Nililitaja shoka hilo siku za nyuma. Kisogoni lina nakshi ya unyayo wa bata mzinga, vidole vitatu, iliyochongwa na mhunzi kwa amri ya marehemu mumewe, Jotham Crandall. Jotham alikuwa mtu wa maneno mengi. Kabla hajaoa alikuwa mwindaji, na kila akirudi kwao Konektikati alidai kwamba huku magharibi ana bonde lake zima, lenye kijito na mialoni. Ukoo wake ulimcheka mpaka homa ilipomchukua. Mkewe akafunga mzigo akaja peke yake kuliona bonde aliloambiwa, na kati ya mali yote ya marehemu alichukua shoka hilo moja.

"Bwana Penhallow," alisema, "ukijikata kidole, kidonda kinakaa wazi muda gani?"

"Kidonda gani tena? Wiki. Wiki mbili."

"Mti nao hupona, ila kwa miaka. Tuttle alichanja chale zake kabla mimi sijafika hapa. Mti ulio hai ungeshazifunika zamani. Hizi mbona zimenikodolea macho?"

"Msonobari ni mzito kupona," alisema Boggs haraka.

"Basi bwana mkubwa apanguse kwa leso yake tuone."

Penhallow alikuwa na leso ya kitambaa cha nakshi, na nadhani ndiyo ilikuwa leso safi ya mwisho upande huu wa milima. Aliisugua kwenye chale. Ikatoka nyeusi ti. Akasugua tena. Chini ya weusi kulikuwa na mti mweupe, mbichi, kama uliochanjwa juzi, na utomvu ukainasa leso asiweze kuibandua.

"Masizi!" alisema kwa mshangao.

"Kwani huo msonobari ulikuwa unapika?" Bibi Dorcas aliuliza.

Watu walicheka hadi bata wa kijitoni wakaruka. Mtu mwingine angeona haya. Boggs alitikisa tu mabega.

"Kuna mhuni kafanya mzaha. Sawa. Lakini masizi ya huku hayawi alama ya kule. Mnasema kovu la mwaloni limefunikwa? Lifunueni! Likiwemo, naondoka zangu na sirudi. Lisipokuwemo, bwana mkubwa ananiuzia kijito leo leo."

"Hiyo ni haki," alisema Penhallow, bado anapigana na leso.

Na kweli ni haki, kwa desturi yetu. Huku mti wa mpaka ni shahidi, na shahidi akinyamaza tunamfungua mdomo kwa shoka. Unakatwa ubavuni, vipande vinabanduka, na kama aliwahi kuchanjwa, chale zake zinakutwa mle ndani nyeusi na nzima, zimezibwa na mti uliokua juu yake.

Tulitazamia Tuttle aruke kwa furaha. Badala yake alipauka.

"Jamani, mti mzuri ule," alisema. "Mkongwe. Tuujeruhi wa nini? Mimi naona tumwite mpimaji kutoka mjini, tuahirishe kidogo—"

"Tuttle," alisema Penhallow, "tangu lini ukawa daktari wa miti?"

"Anajua hamna kitu!" Boggs alipiga kelele. "Mtazameni uso!"

Minong'ono ikaanza. Nami nikiri kwamba pale nilimwona Tuttle ni mwoga wa kawaida, anayeogopa kupoteza kazi. Nilimkosea, lakini si kwa namna mnayodhani.

Bibi Mehitabel alimsogelea mpaka ncha za viatu vyao zikagusana. Hakupandisha sauti.

"Nikinyang'anywa kinu hiki, sina pa kurudi. Kule kwao wananingoja wanicheke kama walivyomcheka Jotham. Sikuwahi kukuomba kitu, Ephraim. Leo nimekuomba kimoja."

 Tuttle akavua kofia.

"Kateni," alisema. Akaweka kiganja chote juu ya Biblia. "Upande wa kijitoni, usawa wa kifua. Chale zangu tatu zimo. Naapa kwa Mungu aliye hai."

"Zisipokuwemo, kazi huna," alisema Penhallow.

"Najua, bwana. Hata zikiwemo, huenda sina."

Hakuna aliyeelewa maneno hayo. Tulikuwa na haraka ya kuvuka daraja la magogo.

Chini ya mwaloni kukatokea ubishi mpya: nani akate? Boggs hakuwaamini watu wa kijiji, na watu wa kijiji hawakumwamini Boggs.

"Nitakata mimi," alisema Penhallow.

Pakawa kimya cha heshima, kile cha watu wanaojizuia kucheka.

"Bwana mkubwa umewahi kushika shoka?" aliuliza Bibi Mehitabel.

"Nimeuza misitu mikubwa kuliko kata yenu hii."

"Sikuuliza hivyo."

Akamkabidhi shoka hata hivyo, akamwonyesha pa kushika. Pigo la kwanza lilikata hewa. La pili liligonga mti kwa ubapa, na tajiri akatetemeka kuanzia mikononi mpaka kwenye meno.

"Angalia vidole vya miguu, bwana!" Bibi Dorcas alimwambia. "Hapa daktari hatuna, nipo mimi na siki yangu."

Pigo la tatu likaingia. Basi ndugu msomaji, sijui nini humpata mwanamume wa mjini akisikia shoka linaingia mtini, lakini kilimpata. Alivua koti, akavua kizibao, akatupa wigi kwenye nyasi. Vipande vikaanza kuruka.

Gome likaanguka, ndani hamna kitu. Kipande kikaanguka, hamna kitu. Kingine, hamna kitu. Boggs akaanza kupiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Bibi Mehitabel alikuwa ameshika aproni kwa mikono yote miwili.

Kisha ubao mzima ukabanduka na kuanguka miguuni kwa tajiri.

Zilikuwemo. Chale tatu, nyeusi, zimenyooka. Mtu aliyezichanja, ramu au bila ramu, alikuwa na mkono mzuri.

Mayowe yaliyopigwa pale nadhani yalisikika hadi kijiji cha pili. Bibi Mehitabel aliketi chini palepale kwenye matope akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Penhallow, uso mwekundu kwa jasho na fahari, aliinama akachimbua bonge la udongo lenye majani, akavunja kijiti cha mwaloni, akakichomeka juu yake, akamwekea mjane mkononi.

"Ardhi yako, mama. Kijito na kinu. Nakukabidhi mbele ya hawa wote."

Nasi tunajua kwamba ukishakabidhiwa udongo na kijiti, karatasi ni nyongeza tu.

Mambo yangeishia hapo. Tungekula mkate, Boggs angetembea kwa miguu hadi kwenye gari lake la maksai, mimi ningetafuta hadithi nyingine. Lakini Bwana Penhallow alikuwa ameshaonja shoka.

"Moja tu zaidi," alisema, akitema mate viganjani kama alivyoona wengine wakifanya.

"Inatosha, bwana mkubwa!" Tuttle aliruka kumshika mkono. "Chale zimeonekana! Inatosha!"

"Hebu niachie! Ndiyo kwanza mkono umekubali."

"Nakusihi, bwana!"

"Tuttle, una wazimu?"

Akamsukuma, akazungusha shoka kwa nguvu zake zote, chini kidogo ya zile chale. Kipande kinene kikaruka kupita sikio la Bibi Dorcas.

Tukasogea karibu.

Ndani kabisa, chini ya chale za Tuttle, kulikuwa na alama nyingine. Mti ulioifunika ulikuwa mnene zaidi ya ule uliofunika zile chale, kwa hiyo hata mtoto angejua ipi ilitangulia. Nayo haikuwa chale. Ulikuwa ni muhuri uliopigwa kwa nguvu mpaka ukadidimia. Unyayo wa bata mzinga, vidole vitatu.

Bibi Mehitabel alisimama. Alimnyang'anya Penhallow shoka bila kusema neno, akaligeuza, akaweka kisogo chake kwenye alama. Kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake.

"Jotham!" alisema Bibi Dorcas, mkono mdomoni.

Zamani, kabla ya matajiri wa Filadelfia kulisikia jina la Kenoska, mtu aliyeingia kwanza kwenye msitu ambao bado haujauzwa alipiga muhuri wa shoka lake kwenye miti ya pembeni, na watu wa mipakani tuliiheshimu haki hiyo. Tajiri akija baadaye, ilikuwa lazima amlipe mwenye shoka ndipo auze. Wenyeji wa asili, waliokuwa wakiwinda hapa kabla ya mashoka yote haya, hawakuwahi kuulizwa na mtu, na siku hiyo pia hakuna aliyewakumbuka. Lakini kwa sheria zetu sisi tulioingia, unyayo ule ulikuwa na maana moja.

Bibi Mehitabel aliweka kiganja juu ya ule muhuri.

"Kumbe hukuwa mwongo," alisema. Hakuwa anasema na sisi. "Na mimi nilicheka pamoja nao, Jotham. Mara nyingine nilicheka."

Penhallow alikuwa anageuza shingo huku na huku. "Maana yake nini? Mtu aniambie! Tuttle, maana yake nini?"

"Maana yake, bwana," alisema Bibi Dorcas, "tangu asubuhi unakata mti wa mwenyewe."

Mjane akajifuta macho kwa mkono wenye unga. Na hapo ndipo nilipompenda kabisa mwanamke yule, kwa sababu alitabasamu.

"Bwana Penhallow, soksi zako zimeanikwa kwenye mlango wangu, hilo tumeshakubaliana. Sasa inaonekana hata matope yaliyozichafua ni yangu."

Bonde zima likalipuka kwa kicheko. Penhallow aliketi juu ya wigi lake mwenyewe.

Mjane aliegemeza shoka kwenye shina, akageuka apokee pongezi. Watu wote walikuwa wanautazama mti, isipokuwa mmoja. Wakili Tuttle alikuwa anatazama buti zake, na hakuwa na sura ya mtu aliyeshangaa.

Tabasamu likamtoka.

"Ephraim. Chale zako ziko hapa. Unyayo uko hapa chini, umbali wa kiganja tu. Siku ile mti ulikuwa bado haujaufunika wote, usingeweza kuchanja bila kuuona."

"Niliuona."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa nimepewa bonde la kuuza, Mehitabel. Nikadhani ni mwindaji fulani aliyekwisha kufa msituni."

"Na siku nilipofika na shoka hili begani?"

"Nililijua palepale. Sikulala."

"Tuttle!" Penhallow alinguruma kutoka chini. "Uliwauzia watu kwa jina langu ardhi isiyo yangu?"

Hakuna aliyemjali. Bibi Mehitabel alikuwa anakunja vidole kimoja kimoja, na kila mmoja wetu alielewa anachokipigia hesabu kichwani.

"Ndiyo maana ukanipa shamba la kijitoni. Ndiyo maana bei ile. Ulikuwa unanilipa bila kuniambia." Akamsogelea hatua moja. "Na zile Jumamosi zote?"

"Shamba, ndiyo," alisema Tuttle. Safari hii aliinua macho. "Jumamosi, hapana."

  Mjane akanyoosha mkono nyuma kulichukua shoka lake, nadhani alitaka tu kitu cha kushika.

Mkono ukagusa gome.

Akageuka. Shinani palikuwa na vipande vya mti na wigi lililobondeka. Shoka halikuwepo.

"Boggs yuko wapi?" aliuliza.

 Kisha tukasikia magogo ya daraja yakigongwa na buti za mtu anayekimbia. Na kwa mara ya kwanza siku ile mimi nilihisi baridi, maana alama ya mtini haina jina la mtu. Inalijua shoka tu. Atakayefika nalo kwa hakimu kwanza, akasema alama ile aliipiga yeye mwenyewe alipokuwa kijana, nani atambishia? Jotham yuko kaburini.

Bibi Mehitabel alishika pindo la gauni akalifunga kiunoni.

"Ya Jumamosi tutazungumza baadaye," alimwambia Tuttle. "Ukiwa hai. Farasi wako umemfunga wapi?"

Tuttle aliangalia ng'ambo, kwenye nguzo ya kinu, alikokuwa amemfunga jike lake la kahawia, farasi pekee aliyeletwa pale asubuhi ile. Kutoka nyuma ya kinu zikasikika kwato, kasi, zikielekea barabara ya mjini.

"Ndiye huyo unayemsikia," alisema.